Kijiwe

Karatasi ilikuwa moja tu, imekunjwa mara mbili, ina mhuri wa bluu pembeni. Baba alinipa mimi kwa sababu nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa nimefika kidato cha sita, na aliyefika kidato cha sita ndiye aliyesomeshwa kila barua ya Kiingereza iliyoingia mlangoni, iwe ya benki, ya mahakama au ya hospitali. Alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha wodi, magoti ameyakunja mpaka kifuani, shati limelowa jasho. "Soma, mwanangu. Wanasemaje?"

Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu nikakwama. Palikuwa na neno nililolala nalo na kuamka nalo kwa zaidi ya mwaka: calculus. Kwamba katika mrija unaoshuka kutoka figo ya kushoto ya baba yangu mna calculus ya milimita 4.

Nilidhani mpiga chapa amekosea. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kalkulasi, ile mada ndefu kuliko zote katika hisabati ya mchepuo wa PCM, mada iliyonikesha bwenini na taa ya chemli huku wenzangu wakikoroma. Inaingiaje kwenye figo ya mtu? Nikamfuata muuguzi aliyekuwa akisukuma kitoroli cha dawa, nikamwonyesha neno lenyewe kwa kidole. Hakusimama. "Kijiwe hicho. Mzee ana kijiwe kwenye mrija wa mkojo. Anywe maji."

Nimefundisha hisabati miaka mingi sasa, na bado naamini kwamba somo langu la kwanza la kalkulasi nilipewa na muuguzi yule, kwenye ujia wa wodi ya wanaume.

Nilipofika chuoni na kupata kamusi kubwa za kufungua, nilikuta kwamba alikuwa ametafsiri neno kwa neno. Kwa Kilatini calx ni jiwe la chokaa, na calculus ni jiwe hilo limedogoshwa, kama sisi tunavyolidogosha jiwe kwa kulitia ki- mbele. Warumi walihesabu kwa kusogeza vijiwe juu ya ubao uliochorwa mistari, huu wa moja, ule wa kumi, ule wa mia. Kijiwe cha kuhesabia kikazaa neno la kuhesabu, na miaka mingi baadaye neno la kuhesabu likawa jina la elimu ambayo Mjerumani Gottfried Leibniz aliitoa kwa chapa mwaka 1684. Madaktari hawakuizunguka njia hiyo. Walilichukua neno palepale lilipoanzia, chini, kwenye kokoto.

Lile calx nalo halikuishia hapo. Ndilo lililozaa jina la kalsiamu, na vijiwe vya figo vinavyoonekana zaidi vimejengwa kwa kalsiamu iliyoshikana na oksaleti. Baba yangu ni mtoto wa Tanga, mji unaozungukwa na mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni ni chokaa iliyotobolewa na maji, na kule Pongwe, kwenye barabara ya Muheza, chokaa inachimbwa na kuchomwa iwe saruji. Miaka yote alipita Pongwe akifunga kioo kwa ajili ya vumbi. Kumbe chokaa nyingine alikuwa anaitembeza mwenyewe, ndani ya mgongo wake.

Shuleni kalkulasi tulipewa kama kanuni: kipeo kishushe mbele, juu upunguze moja. x³ inakuwa 3x², x² inakuwa 2x. Mwalimu wetu alikuwa mwema, alikuwa peke yake kwa mikondo miwili, na alikuwa na silabasi ya kumaliza kabla ya mtihani wa taifa. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Lakini niliweza kujaza ukurasa mzima wa majibu sahihi bila kujua nimeulizwa nini. Tulikuwa tumetoka shule ya msingi tukihesabu kwa Kiswahili, tukifahamu kila neno tulilotamka, halafu hisabati ikahamia kwenye lugha nyingine na sisi tukabaki tunaishika kwa nje, kama mtu anayebeba sanduku lililofungwa. Hakuna aliyetuambia kwamba jina la mada hii ni kijiwe. Neno moja tu! Lingenipunguzia machozi mengi.

Maana baba alikuwa anafanya kalkulasi kila siku ya Mungu.

Alikuwa anaendesha Hiace ya mtu, Tanga–Muheza. Anayeendesha gari la mtu anadaiwa kitu kimoja kila jioni, na jina la kitu hicho ni hesabu. "Hesabu imetimia?" "Bado natafuta hesabu ya tajiri." Wakati ule ilikuwa shilingi 25,000 kwa siku, inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo. Ukitoa hesabu, ukatoa mafuta, ukamkatia konda chake, kinachobaki ndicho unga, sabuni na ada.

Alizoea kwenda tripu tano, kwenda na kurudi. Ya alfajiri inajaza gari kabla konda hajamaliza kuita, na fedha yake ni nyingi. Ya pili nayo nzuri. Jua likipanda abiria wanapungua, mnakaa stendi mnasubiri, na kila tripu inaleta kidogo kuliko iliyotangulia. Ya sita ilikuwa inaacha kitu kidogo sana mkononi. Ya saba, kama angekwenda, ingerudisha mafuta tu, na ya nane ingekula fedha ya asubuhi. Kidato cha tano tulichora mkunjo unaopanda mpaka kileleni kisha unashuka, tukaambiwa tuandike: kileleni mwinamo ni sifuri. Niliandika, nikapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Sikutambua kwamba mwinamo sifuri ndiyo ile tripu ya saba. Baba aliijua bila kalamu, kwa kuchungulia kwenye kioo na kuhesabu vichwa.

Likizo moja nilikaa naye kiti cha mbele tukitoka Muheza. Karibu na Pongwe trafiki akatoka nyuma ya mti na tochi yake mkononi. Kibao kinasema 50, tochi imesoma 81. Baba akashuka na hoja yake tayari. "Afande, toka Muheza mpaka hapa nimetumia zaidi ya nusu saa. Ningekuwa nakwenda themanini si ningekuwa nimeshafika mjini?" Afande hakukasirika. Akamgeuzia tochi aone namba. "Mzee, tochi haiulizi ulikotoka."

Sentensi ile ningeiweka ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kalkulasi. Baba alikuwa anasema kweli na afande alikuwa anasema kweli. Kasi ya safari nzima unaipata kwa kugawa umbali kwa muda, na hiyo ndiyo hoja ya baba. Lakini kasi ya pale ulipo, gari linapopita mbele ya mti ule, utaigawaje? Hapo ulipo umbali ni sifuri na muda ni sifuri, na sifuri kwa sifuri hakuna anayeweza kuigawa. Unachofanya ni kukata vipande. Tuseme kilomita 2 za mwisho alizipita kwa dakika 2: hiyo ni kilomita 60 kwa saa. Mita 200 za mwisho, sekunde 10: ni 72. Mita 20 za mwisho, sekunde 0.9: ni 80. Kadiri unavyokata ndivyo namba zinavyosogeleana, zikielekea mahali pamoja ambapo huwezi kupakanyaga lakini unapaona wazi. Mahali hapo ni kikomo, na kukisaka kikomo hicho ndiyo difarensiesheni.

Nusu ya pili ya kalkulasi ni safari ya kurudi. Ukiijua kasi ya kila kipande kidogo cha muda, zidisha kasi kwa muda, jumlisha vipande vyote, umbali wako huo. Dashibodi ya Hiace inazo zote mbili pamoja: mshale wa spidi, na chini yake tarakimu za kilomita zinazojigeuza taratibu. Mshale unasema sasa hivi kukoje, tarakimu zinakusanya yote yaliyokwishapita. Dereva anazitazama kila siku.

Kuona kwamba hizi mbili ni kwenda na kurudi kwa njia moja kuliwachukua wanadamu muda mrefu ajabu. Archimedes alijua kujumlisha vipande. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo yapata mwaka 1040, alijumlisha vipeo vya nne vya namba ili apate ujazo wa umbo lenye mkunjo. Kule Kerala, pwani ya Uhindi, Madhava na wanafunzi wa shule yake walijumlisha mifuatano isiyo na mwisho karne kadhaa kabla ya Ulaya. Kisha Newton, mwaka 1665 na 1666, tauni imefunga chuo chake cha Cambridge naye amerudi kijijini, akaanza kuunganisha; na Leibniz kwa njia yake mwenyewe akaunganisha. Tarehe 29 Oktoba 1675 Leibniz aliandika kwa mara ya kwanza ile S ndefu iliyovutwa juu na chini, ambayo wanafunzi wangu wanaiita ndoana. Ni herufi ya kwanza ya summa, jumla. Ugomvi wao wa nani alitangulia uliwala wote wawili hadi uzeeni, na mimi naupita. S ile ndiyo ninayoipenda: mtu aliyekuwa anatafuta alama ya kukusanya vitu vidogo visivyohesabika akachukua neno la kawaida kabisa la lugha yake ya usomi, akalinyoosha.

Sasa nirudi kwenye maji.

Maji hayakuwemo katika hesabu ya baba. Dereva akinywa maji itabidi asimame kuchimba dawa, na akisimama kuchimba dawa anapitwa, na akipitwa anakuta zamu yake stendi imeshachukuliwa. Dakika kumi za njiani zinaweza kugeuka saa nzima ya kusubiri, na saa nzima ni tripu. Kwa hiyo toka saa kumi na moja alfajiri mpaka usiku alikuwa anakunywa kikombe cha chai asubuhi na glasi ya maji baada ya ugali. Nimeona kwa macho yangu abiria wakipitishiana chupa ya maji baridi Tanga ile ya mwezi wa pili, jua limesimama utosini, naye anaikataa kwa mkono. "Mimi ngamia," alikuwa akisema, na alisema kwa fahari. Alifanya hivyo miaka 11.

Mkojo wa mtu asiyekunywa maji unakuwa mzito. Chumvi zilizomo hazina nafasi ya kuyeyuka zote, na siku moja chembe isiyoonekana inajishika pembeni. Chembe ya pili inaishika ya kwanza. Kesho utando mwembamba juu yake, keshokutwa utando mwingine, kama saruji kwenye ndoo ya fundi asiyeosha ndoo. Kikiwa kimetulia ndani ya figo mara nyingi mwenyewe hana habari nacho. Alikwenda zahanati mara mbili kwa maumivu ya mgongo, akapewa vidonge vya kutuliza na kuambiwa ni kiti cha gari. Siku kijiwe kilipoteleza na kuingia kwenye mrija, ambao upana wake ni milimita 3 au 4, ndipo alipoanguka stendi mbele ya konda wake.

Kwa hiyo miaka yote ile zilikuwepo jumla mbili zikipanda sambamba. Moja iliandikwa kwenye daftari la tajiri, shilingi 25,000 kila jioni na sahihi pembeni. Ya pili hakuna aliyeiandika. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikiilisha ya pili, maana kila dakika iliyookolewa barabarani ilikuwa bilauri ya maji isiyonywewa. Hili ndilo ninalotaka wanafunzi wangu watoke nalo shuleni, hata kama kanuni zote zitawatoka: unapohesabu kitu, uliza ni kitu gani kingine kinajikusanya muda huohuo, upande usioutazama.

Babu alilisema kwa maneno machache zaidi. Alikuja kumwona mwanawe wodini akitokea barazani kwake Ngamiani, ambako alikuwa akicheza bao kila alasiri tangu mimi sijazaliwa. Mashimo 32, kete 64, kila mtu na zake 32: 6 nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi za kunamua. Nilijifunza kuhesabu kwenye bao lile kabla ya kuingia darasa la kwanza, na babu alikuwa akinipiga kofi la mkono kila nilipogusa kete kabla ya kujua ya mwisho itaangukia wapi. Mchezaji mzuri hagusi. Anatazama, anazungusha kichwani, anaona mpaka pale mkono utakapolala. Alipoketi kando ya kitanda alimtazama baba muda mrefu, akanigeukia mimi. "Huyu amehesabu safu ya mbele. Ya nyuma hakuihesabu."

Siku ya pili akapiga simu mjomba wetu aliyeko Muscat kumpa pole. "Kumbe ni hasa," akasema. Nilidhani anasema hasa yetu, nikasubiri amalizie sentensi. Hakuwa na la kumalizia. Huko kwao hasa ni kokoto, na ndilo neno la hospitali kwa vijiwe vya figo. Miaka ya baadaye nikajifunza kwamba kutoka mzizi huohuo Waarabu wana kitenzi ahsa, kuhesabu mpaka kisibaki kitu, na kwamba takwimu nazo wanaziita ihsaa. Kilatini na Kiarabu hazina undugu hata wa mbali, na bado zimekutana kwenye kokoto moja: ya kuhesabia, ya barabarani, ya figo. Hesabu yetu sisi tuliipokea kutoka mzizi mwingine wa Kiarabu. Kijiwe tulikichonga wenyewe, na tukakiongezea maana ambayo hao wengine hawakuwa nayo.

Kwetu kijiwe ni mahali watu wanapokaa. Kijiwe cha baba kilikuwa ubao mrefu chini ya mkungu, pembeni ya stendi, na muuza kahawa na kashata zake. Hapo ndipo madereva waliposubiri zamu, na hapo ndipo nilipokuta kalkulasi ya aina ya tatu. Jioni ile ile baba alipolazwa walikaa wakapiga hesabu. Gari lisilale, maana likilala hesabu ya tajiri inalimbikizana. Akapatikana deiwaka, kijana mmoja ambaye hakuwa na gari, akalishika; kila jioni alipeleka hesabu kwa tajiri na kilichobaki akakigawa mara mbili, nusu yake, nusu ya kwetu. Na kila dereva aliyetoka stendi alitoa kidogo kwa kila tripu, kiasi ambacho peke yake kisingenunua hata soda. Kulikuwa na daftari la kurasa 40 lenye jalada la kijani. Mama alinionyesha. Majina upande wa kushoto, vijumla vidogo vidogo vikishuka chini ukurasa baada ya ukurasa, na mwisho wa ukurasa wa nne jumla iliyolipa kitanda, kipimo na dawa. Hakuna mstari hata mmoja katika daftari lile uliokuwa mkubwa. Nililia niliposoma, na nalitaja hapa kwa sababu mpaka leo nikichora ile S ndefu ubaoni ndilo ninaloliona.

Kijiwe chenyewe kilitoka siku ya tano. Cha milimita 4 mara nyingi hutoka chenyewe, daktari alisema, akampa dawa ya maumivu na amri ya maji, glasi kila saa. Baba alikuwa akikojoa kwenye kopo lililofungwa kitambaa cha chachi mdomoni. Alfajiri akaniita. Juu ya chachi palikuwa na kitu cha rangi ya sukari guru, kidogo kuliko punje ya mchele, na nilipokileta karibu na dirisha nikaona kimejaa miiba, kama ganda la komwe kabla hujalipasua utoe kete. Nikakiweka kwenye kiganja. Hakikuwa na uzito wowote. Kitu kile ndicho kilichomwangusha mtu wa kilo 80 chini akashindwa kutamka jina lake. Daktari akakitazama kwenye mwanga, akamrudishia. Baba akakifunga kwenye kipande cha gazeti, akanipa. "Weka. Hii nayo ni hesabu."

Alirudi kazini. Alinunua chupa mbili za lita moja na nusu, akazichora mistari kwa kalamu ya wino usiofutika, na pembeni ya kila mstari akaandika jina la kituo: Pongwe, Muheza, Pongwe, mjini. Ukifika kituo, maji yawe yamefika mstari. Alikuwa amejitengenezea grafu na hakujua. Alisimama kuchimba dawa anapotaka, na aliyempita akampita. Tripu ya sita akaiacha kabisa.

Neno lile limeendelea kunifuata. Daktari wa meno Dar es Salaam aliniandikia kwenye fomu kwamba nina calculus, akaanza kuukwangua ukoga nyuma ya meno ya chini kwa chuma chenye ncha. Ni kalsiamu ileile, safari hii inatoka kwenye mate, inaugandisha utando wa meno tabaka juu ya tabaka. Nilimuuliza maswali mengi kuliko alivyotarajia. Ukoga unahifadhi: mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba katika ukoga wa meno ya Neanderthal, mengine kutoka pango la Shanidar, Iraki, mengine kutoka Spy, Ubelgiji, walikuta chembe za wanga wa mimea, nyingine zikiwa zimepikwa. Chakula kilichotafunwa na kusahauliwa makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, kimejumlishwa palepale kwenye jino.

Na mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, sasa anaandika programu za kompyuta, alinipigia simu akiwa amechanganyikiwa. Wamemfundisha kalkulasi ya lambda, kazi ya Alonzo Church ya miaka ya 1930, na humo hakuna kasi, hakuna eneo, hakuna hata namba. "Madam, hii ni kalkulasi gani?" Nikamwambia arudi kwa Warumi. Una alama, una kanuni za kuzisogeza, unazisogeza mpaka zitulie mahali. Hiyo ni kalkulasi kabla haijajua kitu chochote kuhusu mwendo.

Kile kijiwe bado ninacho, kimo kwenye kichupa cha dawa ya macho. Kila mwaka, siku ya kwanza ya kalkulasi kidato cha tano, nakipitisha dawati kwa dawati kabla sijaandika neno ubaoni. Kisha nawauliza ujazo wa tufe. Wanajibu kwa pamoja: nne juu ya tatu, pai, r kipeo cha tatu. Na eneo la uso wake? Nne pai r mraba. Wamemeza zote mbili kama vitu viwili visivyojuana. Nawaambia waishushe kipeo ile ya kwanza. Chaki inakwaruza, tatu inafutana na tatu, na daima kuna mtu safu ya nyuma anayesema kwa sauti ya mshangao: "Si ndiyo ileile ya uso!" Ndiyo. Kwa sababu tufe linakua kwenye ngozi yake. Kila utando mpya unalala juu ya uso wote, kwa hiyo kasi ya kukua kwa ujazo ni uso wenyewe.

Mwaka juzi msichana mmoja alikishikilia kichupa muda mrefu kuliko wenzake. "Madam, kilichukua muda gani kufika hapa?"

Nikawaambia tujaribu. Figo ya kweli hainyooki hivyo, lakini tuseme utando ulikuwa na unene uleule kila mwaka. Nusu kipenyo ni sifuri mwaka alioanza kazi, milimita 2 siku ya ile karatasi ya hospitali, miaka 11 katikati. Nikawapa swali ambalo sikuwa nimelitayarisha: ni sehemu gani ya kijiwe iliyoingia mwaka wa mwisho peke yake? Wengi waliandika moja ya kumi na moja wakaweka kalamu chini. Yeye aliendelea. Alichukua kumi juu ya kumi na moja, akaipandisha kipeo cha tatu, akaitoa kwenye moja, akainua uso.

"Robo, madam. Karibu robo nzima."

Nikalichukua daftari lake nikapitia mstari kwa mstari. Alikuwa sahihi. Mwaka wa mwisho ulikuwa mwaka wangu wa kidato cha tano, mwaka wa ada ya bweni, mwaka ambao baba alianza kwenda tripu ya sita.